Kufundisha Sikio

Katika mbinu zote za lugha anazofundishwa mwanafunzi wa sekondari, hakuna inayotambulika upesi kama takriri ya konsonanti mwanzoni mwa maneno. Mpe kijana wa miaka 16 shairi la Kiingereza, mwambie atafute maneno yanayoanza kwa sauti moja, na kabla hujafuta ubao atakuwa ameyapigia mstari yote. Urahisi huo ndio unaoiponza. Istiari humlazimu mwalimu aeleze, kinaya humlazimu abishane na darasa. Takriri hupewa fasili ya sentensi moja na mfano wa Peter Piper, kisha kipindi kinahamia kwingine. (Huyo Peter Piper mwenyewe alitokea katika kitabu cha watoto kilichochapishwa London mwaka 1813, chenye mchezo wa maneno kwa herufi nyingi za alfabeti. Kilikusudiwa kunyoosha matamshi. Kuwa mfano wa ushairi ni cheo alichopewa baadaye na walimu waliochoka.) Basi nikimwona mwalimu anayeikalia mbinu hii, akaipa wiki mbili badala ya dakika kumi, najua nimekutana na fundi.

Ninayemsema hapa anafundisha kidato cha tatu katika shule ya kutwa mashariki mwa Nairobi. Wanafunzi humwita Madam, kama ilivyo desturi ya shule zetu. Jambo la kwanza linaloshangaza kwake ni kwamba jina la mbinu haliandiki ubaoni. Huingia, akawaambia wafunge vitabu na wafumbe macho, kisha akasoma sentensi mbili alizozitunga mwenyewe. Ya kwanza: "The bus braked badly by the bridge." Ya pili: "The bus pulled up late near the river." Anauliza ni basi lipi lililokaribia kuua watu. Wengi wanachagua la kwanza. Kwa nini? Hapo darasa linanyamaza, naye hawasaidii. Anazisoma tena, taratibu zaidi, huku amewapa mgongo ili wasiitazame midomo yake.

"Madam," anasema mvulana mmoja, "la kwanza linagonga."

Neno hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Kipindi kizima kitakwenda na kugonga: nini kinagonga, kinagonga wapi, na kingegonga vipi kama tungebadilisha "braked" kuwa "stopped" na "badly" kuwa "suddenly". Wanabadilisha neno moja baada ya jingine na kusikiliza kinachopungua. Jina la Kiingereza la mbinu yenyewe litakuja siku ya tatu, wakati wanafunzi wenyewe wamechoka kusema "kile kitu cha kugonga" na wanataka neno la kukiitia. Kwa maoni yangu huo ndio ufundi wake mkubwa kuliko wote: kuzuia jina mpaka lihitajike. Mwanafunzi aliyepewa jina kwanza huenda kuwinda herufi. Aliyepewa sauti kwanza huenda kusikiliza.

Na kusikiliza kuna kazi, kwa sababu Kiingereza ni lugha isiyoaminika machoni. Kijana aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili ana kila sababu ya kuitegemea herufi. Kwetu k ni k popote uikutapo. Madam anajua hivyo, kwa hiyo kipindi cha pili huanza na mitego. Anaandika "knife", "king" na "night", anauliza yapi mawili yanaanza sawa. Mikono inainuka kwa "knife" na "king". Anamwambia aliyejibu ayatamke kwa sauti kubwa. Anayatamka, anasita, anacheka mwenyewe. Kisha "city" na "cat". Kisha "phone" na "fire". "One" na "window" huwatesa hata wanaojiamini, maana neno la kwanza limeandikwa kwa irabu huku mdomo ukitoa w. "Honest" na "house" zinaanza kwa herufi moja na hazina udugu wowote wa sauti. Mwisho anaweka "sugar" kando ya "ship", na hapo somo linaingia mahali ambapo walimu wengi hawathubutu kukanyaga.

Darasa la Nairobi lina lugha za nyumbani nyingi. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo kwa mwanafunzi aliyelelewa nayo, "ship" na "sip" zinaweza kutoka kinywani zikiwa neno moja. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi maana kwa p na b, wala kwa t na d. Kwa mzungumzaji wa Kikuyu, r na l zinaweza kubadilishana viti. Vijana wa mjini wanalo neno la dhihaka kwa yote haya, kushrabu, na dhihaka hiyo imewafunga watu midomo tangu darasa la kwanza. Sasa umtake mwanafunzi aseme kwa sauti, mbele ya wenzake hamsini, kama maneno mawili yanaanza sawa! Anachojibu ni kile anachokisikia kwa sikio la nyumbani kwao, na kwa sikio hilo jibu lake ni sahihi kabisa.

Madam hasemi "si hivyo". Anawaambia wote, wenye lafudhi na wanaojidai hawana, wachane kipande chembamba cha karatasi kwenye daftari na kukishika mbele ya midomo. Anatamka "pit" kwa nguvu. Karatasi yake inaruka. Anatamka "bit"; karatasi inatulia. Wanajaribu, na kwa dakika kadhaa darasa linakuwa la fizikia. Kwa s na z wanaweka vidole kooni kutafuta mtetemo. Kwa sh anawaambia watoe sauti ile ya kumnyamazishia mtoto anayelia, ambayo kila mtu anayo hata kama lugha yake haina konsonanti hiyo katika maneno. Kutoka hapo hadi "ship" ni hatua fupi. Nilichopenda ni kwamba kosa la mtu halikutajwa kabisa. Kila mmoja alikuwa na karatasi mdomoni na kila mmoja alionekana mjinga kwa kiasi kilekile.

Halafu kuna mkazo. Hapa ndipo hata walimu wenye shahada hupotea, kwa kuwa vitabu vingi vya kiada husema takriri ni "kurudiwa kwa sauti mwanzoni mwa maneno" na kuishia hapo. Kiingereza hakihesabu hivyo. Kinachosikika ni silabi yenye mkazo, hata ikiwa katikati ya neno. "Forgotten garden" ina takriri ya g, japo neno la kwanza linaanza na f. "Unkind king" ina takriri ya k. Kwa Mswahili jambo hili ni geni, maana mkazo wetu umetulia palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache ya kuazima, hata hatuna haja ya kuufikiria. Mkazo wa Kiingereza huhama, na ukihama hubeba maana: "record" ya nomino na "record" ya kitenzi hutengana kwa mkazo. Dawa ya Madam ni dawati. Kila silabi yenye mkazo inapigwa kofi moja, mkono mzima, na wanafunzi husoma sentensi kwa pamoja wakipiga. Sauti zinazoanguka chini ya kofi ndizo zinazohesabika. Zilizo katikati ya makofi hazina kura.

Sheria hii ina mizizi mirefu. Kiingereza cha kale, kama jamaa zake wa Kijerumani, kilipenda kuweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya shina la neno, na ushairi wake ulijengwa juu ya tabia hiyo. Utenzi wa Beowulf, wenye mistari 3,182, umetufikia kwa muswada mmoja tu ulioandikwa karibu na mwaka 1000, ukaponea chupuchupu moto wa 1731, na sasa umo katika Maktaba ya Uingereza, London. Kila mstari una mikazo mikuu minne na kituo katikati. Mkazo wa tatu ndio unaoamuru: sauti yake lazima ijibiwe na mkazo wa kwanza au wa pili, au yote miwili, na wa nne kwa kawaida hukaa kando. Takriri hiyo haikuwa pambo. Ndiyo iliyoshikilia mstari usivunjike vipande viwili. Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, vina vya Kifaransa vilikuja kuchukua nafasi hiyo pole pole, ingawa mtindo wa kale ulifufuka kwa kishindo katika karne ya 14, katika kazi kama Piers Plowman ya William Langland.

Nilitegemea vijana wapige miayo kwa historia hii. Hawakupiga, na sababu ni kwamba Madam aliileta kwa njia ya somo lao jingine. Aliwauliza shairi la Kiswahili hushikana kwa nini. Kwa vina, wakasema, vya kati na vya mwisho, na mizani nane nane. Basi, akasema, Waswahili hufunga mshororo mkiani na Waingereza wa kale waliufunga kichwani. Halafu akanyamaza na kumtazama msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha.

Msichana huyo ni Msomali, na alichosimulia ndicho kilichoniweka macho wazi. Katika ushairi wa Kisomali takriri ni sheria. Katika utanzu wake uitwao gabay, kila nusu ya mstari lazima iwe na neno linaloanza kwa sauti iliyochaguliwa, na sauti hiyo haibadiliki tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, hata shairi likizidi mistari mia. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Ajabu ni kwamba Waingereza wa Beowulf nao walizihesabu hivyohivyo, bila ya hawa kuwajua wale. Madam aliongezea kisa cha miaka ya 1979 na 1980, wakati washairi wa Kisomali, wakiwamo Gaarriye na Hadraawi, walipojibizana kwa mlolongo wa mashairi juu ya ukabila na siasa ya nchi yao, kila mshairi akilazimika kufuata sauti ileile ya d iliyowekwa na aliyeanza. Mnyororo huo unaitwa Deelley, kwa sababu ya d hiyo. Darasa likamgeukia msichana wa dirishani kwa heshima mpya. Nadhani Madam alikuwa ameipanga dakika hiyo tangu mwanzo wa muhula.

Upinzani ulitoka upande nisioutarajia. Kijana mmoja mrefu, mbishi wa kazi, alisimama na kusema kwamba kama ni hivyo basi Kiswahili chote ni takriri. Akatoa ushahidi: "Kisu kikubwa kile kimekatika. Viti vyangu vizuri vimevunjika." Darasa likashangilia. Hoja yake si ya mchezo. Mmisionari William Boyce alipochapisha sarufi ya Kixhosa mwaka 1834 huko Grahamstown, Afrika Kusini, jambo hilohilo ndilo lililomvutia: kiambishi cha nomino kinajirudia katika kila neno linaloitegemea, naye akaliita upatano wa sauti. Wataalamu wa Ulaya waliofuata walivutiwa nalo vilevile.

Jibu la Madam lilikuwa swali: "Ungeweza kusema kisu wakubwa?" Hapana. "Basi ki hiyo hukuichagua." Takriri ya mshairi ni ile ambayo angeweza kuiacha. Akawataka watafute katika Kiswahili mahali ambapo sauti inajirudia bila sarufi kuamuru, na hapo palichukua muda mrefu wenye kelele nyingi, mpaka mtu akasema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waliipasua ubaoni. Kuku, kosi, kamba, mgeni, mguuni. Hakuna ngeli inayodai kamba ianze na k. Mgeni na mguuni zinafanana kwa bahati ya msamiati, na aliyetunga methali hiyo aliisikia bahati akaidaka. Mimi nimeitumia methali hiyo maisha yangu yote. Sikuwahi kuisikia.

Baada ya kusikia huja swali gumu kuliko yote: inafanya nini? Mwongozo wa mitihani umewazoesha wanafunzi jibu moja, kwamba takriri hulifanya shairi liwe na muziki. Jibu hilo linatosha kila mahali, kwa hiyo halifai popote. Madam amelipiga marufuku. Anayeliandika hurudishiwa daftari lenye maneno mekundu pembeni: "Muziki gani? Wa harusi au wa matanga?" Na ukijibu wa matanga, atauliza umejuaje.

Hatari ya upande wa pili ni kanuni za mkato, ambazo mtandaoni zimejaa: s ni nyoka, b ni ngoma, m ni huzuni. Wanafunzi wanazipenda kwa sababu zinakaririka. Madam huzivunja kwa mfano mmoja. Anaandika "soft silk sleeves" na chini yake "spit, scabs and scum", anauliza s ya nyoka iko wapi. Ya juu inabembeleza, ya chini inatia kinyaa, na sauti ya mwanzo ni ileile. Sauti hufuata maana na kuizidisha. Peke yake haina maana ya kutoa. Samuel Johnson, mhakiki wa karne ya 18, alikwisha kutia shaka kuhusu wasomaji wanaosikia katika ubeti muziki ambao wameutia wenyewe. Ningependa kila mwandishi wa miongozo ya mitihani alazwe na fikra hiyo usiku mmoja.

Kisha wanaandika, na kuandika kwao hufuata mkondo mmoja kila mwaka. Mwanzoni wanazidisha. Kila neno linaanza na p, sentensi inakuwa mzaha. Madam hawazuii, anawaacha wazidishe mpaka wajisikie vibaya, halafu anawaletea Shakespeare. Katika tamthilia ya A Midsummer Night's Dream kuna mafundi wa mtaani wanaoigiza mchezo mbele ya wakubwa, na utangulizi wao umejaa b na d zinazogongana mpaka hadhira inacheka. Shakespeare aliikejeli takriri iliyopita kiasi kwa kuitumia kupita kiasi. Vijana hufurahi sana kugundua kwamba bwana mkubwa huyo aliwahi kuandika vibaya kwa makusudi.

Upande mwingine anawaletea Stan Lee wa vitabu vya katuni vya Marvel. Peter Parker, Bruce Banner, Reed Richards: Lee alieleza kwamba aliwapa wahusika majina ya sauti moja ili yeye mwenyewe ayakumbuke, maana alikuwa akiandika hadithi nyingi kwa wakati mmoja. Hata hivyo aliwahi kujisahau akamwita Bruce kwa jina la Bob, na ikabidi baadaye mhusika huyo apewe jina kamili la Robert Bruce Banner. B ilisalia, jina likapotea. Hakuna fasili ya kitabuni inayoonyesha vizuri hivyo jinsi takriri inavyonata kichwani, na kwa nini wenye matangazo ya biashara huipenda.

Kazi ya mwisho ni kufuta. Kila mwanafunzi huandika sentensi tano zenye takriri kuhusu njia anayopita kuja shuleni, halafu anaambiwa aondoe takriri katika tatu kati ya hizo, na aeleze kwa nini amebakiza mbili. Alama nyingi ziko kwenye maelezo. Niliona daftari la msichana aliyeandika juu ya matatu ya asubuhi: "The tout taps the tin twice and the tired town turns." Alifuta "tired town turns" akaweka "we go". Sababu yake aliiandika kwa penseli: kondakta anagonga bati mara mbili tu, kwa hiyo gari lisigonge tena. Sijui ni wahariri wangapi ninaowajua wangeweza kutoa sababu safi kama hiyo.

Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, hautamwuliza hivyo. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, nusu yake ni za stadi za mazungumzo, na mazungumzo hayo hupimwa kwa maandishi, katika ukumbi ambamo kunong'ona ni kosa. Mtahiniwa ataonyeshwa shairi, atataja sauti zinazojirudia, na hatafungua mdomo. Ni mtihani wa masikio unaofanywa na macho, na sioni jinsi ya kuusifu. Madam analalamika kidogo kuliko mimi. Anasema aliyekwisha kupiga makofi husikia hata akisoma kimya, na katika wiki ya mwisho huwafanyisha zoezi hilo: shairi lile lile, midomo imefungwa, kidole kimoja kikigonga dawati mahali penye mkazo, taratibu, asisikie mtu.

Makofi ya mkono mzima ni ya wiki nyingine zote. Mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani aliwahi kuja mlangoni kuuliza kuna nini. Siku hizi hutuma mwanafunzi na ujumbe: wakifika mwisho wa shairi, wamjulishe, ana kipimo cha dakika kumi anataka kukianza.